Mabega na Mzigo

Msomaji, kabla hujaendelea kusoma, litazame darasa ulimo. Pengine karibu nawe ameketi mtu aliyekuja leo bila kula, ama aliyelala jana akihesabu siku zilizosalia kabla hajarudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, ama aliyemwacha mama mgonjwa kitandani na wadogo wawili bila mlezi. Pengine mtu huyo ni wewe. Mwalimu huingia, huandika ubaoni, na mbele ya macho yake nyote mko sawa: sare moja, kitabu kimoja, mtihani mmoja. Lakini usawa huo ni usawa wa nguo, si usawa wa mizigo. Mmoja hupanda mlima mikono mitupu, na mwingine huupanda huku amejitwika gunia. Wakifika kileleni, wote wawili huulizwa swali moja: mmetumia saa ngapi?

Hapo ndipo lizukapo jambo ninalotaka tulifikiri pamoja. Yatupasa tumfanyie nini mwanafunzi aliyezaliwa katika dhiki? Tumwimarishe mabega ili aweze kuubeba mzigo wake, ama tumpunguzie mzigo wenyewe? Wako watu wasemao kwamba dunia haikuumbwa kwa ajili ya raha. Kwamba mtoto wa maskini akifundishwa kustahimili atafika, na asiyefika alikosa moyo. Wako wengine wasemao kwamba kumfundisha mnyonge kustahimili ni kumfundisha kuukubali unyonge wake. Kwamba mwenye njaa hufaidiwa na chakula kuliko mawaidha. Maneno ya pande hizi mbili yote yana ukweli ndani yake, na kila upande hukosea pale unapodhani kwamba ukweli wake peke yake watosha. Njoo tuyapime.

Nilipokuwa katika kidato cha pili nilikaa dawati moja na kijana ambaye jina lake sitalitaja. Alikuja shuleni kwa miguu kutoka mbali, na kila adhuhuri ilipofika alisinzia. Alipoamriwa kusimama ili usingizi umtoke, alisimama. Alipochekwa, alitabasamu. Hakusema neno. Mwalimu wetu, ambaye hakuwa mtu mbaya, siku moja alimsifu mbele ya darasa zima. Alisema, "Tazameni kijana huyu. Halalamiki kamwe. Mvumilivu hula mbivu." Nasi tukapiga makofi. Muhula wa tatu ulipofunguliwa, nafasi yake katika dawati ilikuwa tupu, na tupu ikabaki. Baadaye tukajua kwamba mama yake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na kwamba yeye aliamka usiku wa manane kuteka maji na kuyauza ili wadogo zake wapate unga, ndipo aanze safari ya kuja kusoma. Mwaka mzima viwiko vyetu viligusana, wala sikumwuliza hata siku moja kwa nini asinzia. Tulimsifu kwa kunyamaza, na kunyamaza kwake ndiko kulikomtoa shuleni.

Nimelifikiri jambo hili kwa miaka mingi, nami naona kosa letu lilianzia katika maana ya neno. Tulidhani kwamba kustahimili ni kutosema. Lakini litazame jiwe. Jiwe hupigwa na mvua lisiseme, hupigwa na jua lisilie. Hata hivyo hatulisifu jiwe kwa ushujaa, maana jiwe halikui wala halizai. Kisha utazame mnazi wa pwani wakati wa kusi. Upepo huupiga, nao hujipinda. Makuti yake huvuma usiku kucha hata walio ndani ya nyumba husikia. Upepo ukipita mnazi husimama tena, na wakati wake ukifika huzaa. Kuvuma kwa makuti si udhaifu wa mnazi. Na siri ya kusimama kwake haimo katika shina tunaloliona, bali katika wingi wa mizizi iliyoshikana na udongo chini ya miguu yetu.

Basi ustahimilivu si ujiwe. Ustahimilivu ni uwezo wa mtu kupatwa na shida, kuitambua kwa jina lake, kuitafutia njia na msaada, na kuendelea na safari yake pasipo kuupoteza utu wake. Ndani ya maana hiyo kuna sauti, kuna akili, na kuna watu wengine. Wahenga walituachia methali ya kusifu subira, lakini hawakutuacha na hiyo peke yake. Walitwambia pia kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Anayeishika methali ya kwanza akaitupa ya pili amechukua nusu ya hekima, na nusu ya hekima mara nyingi huumiza kuliko ujinga.

Sasa tuulize: je, uwezo huu huzaliwa nao mtu, ama hufundishwa? Watu wengi hudhani kwamba moyo mgumu ni tunu ya maumbile, kama urefu wa kimo. Katika kisiwa cha Kauai, kimojawapo cha visiwa vya Hawaii, wataalamu walianza kuwafuatia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955, wakaendelea nao hata wakawa watu wazima. Aliyejulikana zaidi miongoni mwa wataalamu hao ni mwanamke aitwaye Emmy Werner. Baadhi ya watoto hao walizaliwa katika hatari kubwa: ufukara, ugomvi wa nyumbani, ulevi au maradhi ya akili ya wazazi. Ungetazamia kwamba wote wangeharibikiwa. Wengi kweli walipata matatizo makubwa ya masomo, ya tabia au ya afya kabla ya kutimiza miaka 18. Lakini karibu theluthi moja yao walikua wakawa watu hodari, wenye kujiamini na wenye kuwajali wengine.

Sababu ilipotafutwa, haikuonekana kuwa moja, wala haikuonekana kuwa yote imo ndani ya mtoto mwenyewe. Aghalabu alikuwako mtu mzima aliyempenda mtoto huyo na kumtegemeza: bibi, shangazi, jirani, ama mwalimu. Tena wengi walikuwa na kazi ya nyumbani ambayo wengine waliwategemea waifanye, nao wakajifunza kwamba wana faida. Na kuna jambo la tatu lipasalo kukumbukwa. Miongoni mwa wale waliopatwa na matatizo katika ujana, wengi nao walijirekebisha ukubwani walipofunguliwa nafasi mpya: masomo, kazi, ndoa njema. Kwa hiyo hata aliyeanguka hakuwa ameumbwa ili aanguke. Alikuwa akingoja mlango.

Hapa kwetu Kenya jambo hili limejaribiwa pia. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya jaribio la mafunzo yaitwayo Shamiri, lililofanywa kwa wanafunzi 413 wa shule za sekondari waliokuwa na dalili za huzuni nzito au wasiwasi mwingi. Waliowafundisha hawakuwa madaktari. Walikuwa vijana waliomaliza sekondari karibuni, wakaandaliwa kwa muda mfupi, kisha wakakutana na wanafunzi katika vikundi vidogo kila juma kwa majuma manne. Wanafunzi wengine, kwa ajili ya kulinganisha, walifundishwa mbinu za kusoma. Makundi yote mawili yalipata nafuu, lakini nafuu ya wale waliopewa mafunzo ya Shamiri ilikuwa kubwa zaidi.

Walifundishwa nini? Mambo matatu, nayo ni mepesi hata waweza kuyaanza leo. La kwanza ni kwamba akili na tabia ya mtu hukua. Mwanafunzi aliyeshindwa na hesabu asiseme, "Mimi si mtu wa hesabu"; na aseme, "Hesabu hii sijaijua bado." Kati ya maneno hayo mawili kuna umbali kama ulioko kati ya ukuta na mlango. La pili ni shukrani. Hapa tusikosee: hatumwambii mwenye njaa aishukuru njaa. Twamwambia autambue mkono uliompa kikombe cha uji, maana mtu mwenye dhiki huelekea kuona dhiki peke yake, hata akasahau kwamba yuko amtazamaye kwa huruma. La tatu ni kuyajua mambo anayoyathamini. Mtu ajuaye ni kitu gani hasa kilicho azizi kwake, elimu, ama wadogo zake, ama uaminifu wake, hayumbishwi na kila upepo, kwa sababu anajua asimame wapi.

Basi yathibitika kwamba mabega huimarishwa. Lakini usishangilie mapema, msomaji, kwa kuwa upande wa pili bado haujasema neno lake. Nao una shahidi mzito.

Shahidi huyo ni mzee Kimani Ng'ang'a Maruge. Utotoni hakupata kusoma. Aliishi chini ya utawala wa kikoloni, akauona uhuru wa mwaka 1963, akazeeka, na katika miaka hiyo yote kiu ya elimu haikumtoka. Mwezi wa Januari 2003 serikali iliondoa karo katika shule za msingi, na zaidi ya watoto milioni moja ambao hawakuwamo shuleni wakaingia madarasani. Mwaka uliofuata, Januari 2004, Maruge naye alikwenda katika shule ya msingi ya Kapkenduiywo, mjini Eldoret, akiwa na umri wa miaka 84. Alivaa kaptura na soksi kama watoto wengine, akaketi darasa la kwanza. Mwaka 2005 alisafiri mpaka New York kuwahimiza wakuu wa dunia wawape watoto maskini elimu isiyo na malipo. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa mwisho wa mwaka 2007 zilimwondoa nyumbani kwake, akaishi katika kambi ya wakimbizi wa ndani. Hata huko hakuacha kwenda shule. Alifariki mwaka 2009, bado akiwa mwanafunzi.

Watu humsifu Maruge kwa ustahimilivu wake, nao wana haki. Lakini nakuomba uihesabu habari yake kwa njia nyingine. Moyo wake ulikuwa imara mwaka 2004. Je, haukuwa imara mwaka 1994? Haukuwa imara mwaka 1964? Mtu aliyeweza kusoma akiishi hemani akiwa na miaka zaidi ya 80, angeshindwa kusoma akiwa na miaka 10? Mabega alikuwa nayo maisha yake yote. Kilichokosekana ni mlango, na mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli liitwalo karo. Siku kufuli lilipofunguliwa, aliingia. Kama tungalimhubiria uvumilivu kwa miaka 80 mingine, tusiliguse kufuli, tungalikuwa na mvumilivu mkubwa asiyejua kusoma.

Kwa hiyo yafaa tuogope mafundisho ya ustahimilivu yanapotoka katika kinywa cha mtu mwenye ufunguo mfukoni. Mwenye shibe akimwambia mwenye njaa, "Jikaze," neno lake laweza kuwa la kweli, lakini si la haki. Methali yetu yamjua vyema mtu huyo: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ukiwa juu ya kichwa cha mwingine, hata gunia la mawe huonekana jepesi. Ndivyo tulivyofanya sisi tuliopiga makofi darasani. Sifa ilikuwa rahisi kuliko msaada. Tulitoa kilicho rahisi, tukadhani tumetoa.

Je, tuseme basi kwamba upande wa pili umeshinda, na kwamba tuache kufundisha ustahimilivu mpaka dhiki zote zitakapokwisha duniani? La. Dhiki haitungoji. Karo ikiondolewa, huja ukame. Ukame ukipita, huja maradhi. Mwezi wa Machi 2020 shule zote za Kenya zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na wanafunzi wengi hawakurudi darasani mpaka Januari 2021. Hakuna serikali, wala tajiri, wala mzazi awezaye kumwahidi mtoto kwamba hatapatwa na jambo. Anayempunguzia mwenziwe mzigo wa leo pasipo kumwimarisha mabega amemwacha dhaifu mbele ya mzigo wa kesho. Na anayemwimarisha mabega pasipo kuugusa mzigo amemwandaa kwa mateso marefu zaidi. Haki inataka yote mawili, na yataka yafanywe na mkono mmoja.

Kwamba yawezekana kuyafanya pamoja, tuna ushahidi wa nyumbani. Mwaka 1959, katika Nairobi, Geoffrey Griffin, Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu walianzisha kituo cha Starehe kwa ajili ya wavulana yatima na wasio na makao. Majengo yao ya kwanza yalikuwa mabanda mawili ya bati. Waliwapa wavulana hao kwanza kile kilichopunguza mzigo: chakula, malazi, na masomo ambayo maskini hakuyalipia. Lakini hawakuishia hapo. Waliwapa kazi za kufanya na madaraka ya kubeba, na baadaye wakawazoeza kwenda kuwatumikia watu wengine kwa kujitolea, ili aliyezoea kupokea ajue pia kwamba anacho cha kutoa. Tena shule hiyo ilijulikana kwa baraza zake, ambamo mwanafunzi aliweza kusimama mbele ya mkurugenzi na wenzake akasema linalomkera. Fikiri maana ya jambo hilo. Mtoto aliyetoka barabarani, aliyezoea kufukuzwa kila aliposema, alifundishwa kwamba sauti yake ina mahali pake, na kwamba kusema kwa adabu ni sehemu ya ushujaa. Mabanda yalimkinga na mvua. Baraza ilimpa mizizi.

Sasa, msomaji, nageukia kwako, maana insha isiyomgusa msomaji wake ni sauti ya debe tupu.

Ikiwa wewe ndiwe uliyejitwika gunia, nakwambia mambo machache. Shida yako si aibu yako. Hukuichagua, na anayeicheka hajui asemalo. Mtafute mtu mzima mmoja umwaminiye, mwalimu, ama jamaa, ama jirani, umwambie habari yako kwa maneno wazi. Na kama wa kwanza hakukusikia, nenda kwa wa pili. Shida kubwa igawanye vipande: usiulize leo utamalizaje miaka minne, uliza utafanyaje juma hili. Usikatae msaada kwa kiburi, wala usiutumie kwa uvivu. Na ukianguka, kumbuka kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Ikiwa mzigo wako ni mwepesi, usijione mwenye hatia kwa hilo, lakini pia usijione bora. Saa uliyotumia kufika kileleni haikupimwa kwa mzani mmoja na ya mwenzio. Wajibu wako wa kwanza hauhitaji fedha. Wahitaji macho na ulimi. Tazama aliye karibu nawe, kisha umwulize kwa upole, faraghani, pasipo udadisi wa kumwaibisha: "Ndugu yangu, wewe u hali gani?" Akikujibu, sikiliza mpaka mwisho. Kama jambo ni kubwa kuliko uwezo wako, mshike mkono mwende pamoja kwa mtu mzima.

Na wote wawili, miaka si mingi mtakuwa walimu, wauguzi, wafanya biashara, wazazi na viongozi. Mtashika funguo. Siku hiyo mtu dhaifu atakuja mbele yenu, na itakuwa rahisi sana kumpa neno zuri la kumtia moyo na kumwacha aende zake. Mpeni neno hilo, kwa kuwa neno jema ni chakula cha roho. Lakini kabla hajageuka kwenda zake, ingizeni mkono mfukoni mtazame kama ufunguo wake hamnao ninyi.

Mimi nilichelewa. Yule kijana wa dawati langu simjui aliko. Huenda alipata njia nyingine, nami namwombea iwe hivyo. Lakini kila nisikiapo mtoto akisifiwa kwamba halalamiki, mikono yangu haipigi makofi tena. Kwanza huuliza mtoto huyo amebeba nini.